Kabureta ya Pijo ya Baba

Kilungu,
2 Machi 2024

Kaka Mbaluka,

Bwana asifiwe. Hamjambo huko Kitui, wewe na Ndila na watoto? Sisi huku tu wazima, ila kifua cha Baba kinamsumbua asubuhi kukiwa na ukungu. Jua likitoka na akishapata chai anakuwa sawa, anaanza kugombana na kuku wangu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei. Nikipiga ya Ndila ananiambia, "Yuko gereji, nitamwambia." Najua anakuambia. Kwa hivyo nimempa barua hii Kaveke, yule dereva tunayesali naye, ambaye siku hizi anapeleka abiria mpaka Kitui. Nimemwambia akuwekee mkononi, asimwachie mtu mwingine.

Shida ni Pijo, lile gari la Baba. Tangu Baba anipe funguo Desemba imenibebea avokado mpaka soko la Emali bila neno. Lakini wiki hizi mbili imebadilika. Ikipanda mlima haina nguvu, na inatoa moshi mweusi mpaka walio nyuma yangu wanafunga madirisha. Nikisimama, injini inatetemeka kama mtu mwenye malaria, halafu inazima. Petroli inakunywa kama haina akili. Baba anaisikiliza kutoka kwenye kiti chake pale nje anasema, "Hiyo ni kabureta. Mwulize Mbaluka." Angeifungua mwenyewe, lakini macho hayaoni tena vitu vidogo, na vidole vinatetemeka.

Kaka, nakumbuka ulivyoondoka siku ya Krismasi bila kugusa chakula. Mimi sikuliomba hili gari. Hayo tutayaongea tukikaa pamoja. Leo niambie tu nifanye nini, maana avokado ziko mtini na hazinisubiri.

Baba anakusalimu.

Dada yako,
Kasiva


Kitui,
10 Machi 2024

Kasiva,

Salamu zako nimezipata. Sisi hatujambo. Mwambie Baba avae sweta nzito, hiyo baridi ya Kilungu si ya mtu wa umri wake.

Hongera kwa gari. Sikupata nafasi ya kukupa hongera siku ya Krismasi, kwa hivyo pokea sasa.

Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi na hewa ni kidogo. Anza na kichungi cha hewa. Kama kimejaa vumbi usikipige-pige ukutani kama zulia, nunua kipya. Kama moshi haujaisha, fungua kabureta. Chini ina bakuli dogo linamokaa petroli, na ndani ya bakuli kuna boya. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma sindano ifunge njia. Sindano ikiwa imelika haifungi, petroli inafurika, injini inazama. Zile jeti, yaani visikrubu vya shaba vyenye tundu katikati, zisafishe kwa hewa ya kompresa. Usiingize waya. Ukiingiza waya utapanua tundu na hutawahi kulirudisha. Nakuandikia tena: usiingize waya.

Ukishafunga, washa, acha injini ipate moto sawasawa. Kuna skrubu ya mchanganyiko. Ikaze polepole mpaka iguse, usilazimishe, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo ni masikio. Fungua kidogo, usikilize. Injini ikiinua sauti ukaiona imefurahi, ongeza kidogo. Ikianza kulegea, umepita, rudi. Na uifanyie huko juu Kilungu unakolaza gari, si Emali. Huko juu hewa ni nyepesi. Gari lililopimwa Emali likifika kwako litatoa moshi tu.

Hayo nilifundishwa na Baba nikiwa sijaota ndevu. Nimelala chini ya gari hilo mara nyingi kuliko kwenye kitanda changu. Kabureta hiyo haijawahi kufunguliwa na mkono mwingine ila wake na wangu. Mafundi wa barabarani wasiiguse.

Sikuelewa, na mpaka leo sielewi, mtu aliye na mwana fundi anampaje gari binti ambaye hajui hata bakuli liko upande gani. Lakini gari ni la Baba, na kauli ni yake.

Kaka yako,
Mbaluka


Kilungu,
1 Aprili 2024

Kaka mpendwa,

Bwana asifiwe. Tumekula Pasaka vizuri, tumewakumbuka. Watoto wanaendeleaje? Ndila mgongo umepona? Baba ana nguvu, jana alitembea mwenyewe mpaka kanisani na kurudi, akakataa kushikwa mkono.

Asante kwa maelezo yako. Niliyafuata kama ulivyoandika. Kichungi kilikuwa kimeziba kweli, nikanunua kipya. Moshi ukapungua lakini haukuisha. Niliogopa kufungua ndani nikiwa peke yangu, nikaona nishuke nayo Emali hivyo hivyo nikauze kwanza. Ikanizimia kabla sijafika sokoni, na petroli ikidondoka kutoka kwenye kabureta mpaka nikaogopa itawaka.

Alinisaidia mtu anaitwa Mahad. Ana duka la spea pale pamoja na dada yake Hibaq, watu waliohamia kutoka Garissa zamani. Alisukuma gari na vijana wake mpaka dukani. Nikamwambia kaka yangu amekataza mafundi wa barabarani wasiiguse. Akacheka, akasema, "Basi iguse wewe. Mimi nitakuambia." Akanipa bisibisi, akakaa kwenye tairi kuukuu, akawa ananielekeza kwa kidole. Nilifungua mwenyewe, kaka! Sindano ilikuwa imelika kama ulivyosema. Hibaq akatafuta nyingine dukani. Jeti nilizipuliza kwa kompresa, na waya sikuingiza.

Nilipofika nyumbani jioni nikapima upya ile skrubu, kwa sababu uliniambia ya Emali si ya Kilungu. Baba alitoka na fimbo yake akasimama karibu. Nikafungua kidogo, nikasikiliza, nikarudi kidogo. Injini ikatulia, ikawa kama maji yanayochemka chini ya kifuniko. Baba akaweka mkono juu ya boneti, akasema, "Kasiva, una mkono." Mara mbili alisema, yaani mkono wa fundi.

Nimefurahi mpaka nimeona nikuandikie wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha.

Dada yako anayekupenda,
Kasiva


Kitui,
8 Aprili 2024

Kasiva,

Hatujambo. Mgongo wa Ndila umepona.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaiweka chini, nikaenda kufunga gereji mapema.

Nikuulize. Huyo Mahad ni nani? Alifundishwa wapi Pijo? Siku hizi kila mwenye duka la spea anajiita fundi. Amekuuzia sindano mpya, sawa, lakini aliangalia boya linakaa kimo gani? Aliangalia ule mhimili unaogeuza kipepeo cha hewa kama umelegea? Hukuandika, kwa hivyo hakuangalia. Na kwa nini akuache wewe ufungue, yeye akae kwenye tairi akikutazama? Wewe hujaolewa, na gari unalo. Mtu anayejua kuhesabu anahesabu.

Halafu hilo la Baba. Mimi nimefungua kabureta hiyo miaka na miaka. Nilitengeneza kizibo kwa ngozi ya kiatu tulipokwama Kibwezi, tukafika nyumbani. Nikiwa mwanafunzi niliacha mtihani nikaenda naye Mtito Andei kwa sababu gari lilikuwa bovu na yeye ana mzigo wa watu. Sijawahi kumsikia Baba akiniambia nina mkono. Aliniambia, "Kaza." Aliniambia, "Haraka." Nikikosea alinipiga kisogoni na kitambaa cha mafuta. Wewe umegeuza skrubu moja jioni moja.

Nitakuja mwenyewe niiangalie. Usiende tena kwa huyo mtu.

Mbaluka


Kilungu,
6 Mei 2024

Kaka Mbaluka,

Nakusalimu katika Bwana. Mlivukaje mvua? Huku imenyesha mpaka kingo za mashamba zimebomoka. Baba anakohoa zaidi, lakini anakula.

Tulifurahi sana ulipokuja. Baba ndiye aliyechagua jogoo wa kuchinjwa, na unajua anavyowahesabu. Mlipokaa wawili pale nje, kabureta imefunguliwa juu ya meza na wewe ukimwonyesha, nilisimama jikoni nikiwatazama nikasahau mahindi ya muthokoi motoni mpaka yakaungua. Niliona kama nyumba imerudi ilivyokuwa Mama akiwa hai.

Ulisema mhimili umelika, unavuta hewa pembeni, na kazi yake inataka mashine iliyo Kitui. Ukaifunga kabureta kwenye mfuko, ukasema wiki moja. Sikubisha, kazi ni yako. Lakini wiki imepita, na nyingine imepita. Gari limesimama na tundu katikati ya injini, nimelifunika kwa gunia. Avokado nimeuza kwa madalali wanaokuja mpaka shambani, nao wanajua sina gari, kwa hivyo wanataja bei wakitazama pembeni. Zilizobaki zinaanguka.

Baba kila nikiingia ananiuliza, "Mbaluka ameleta?" Namwambia kazi nzuri haiharakishwi.

Kaveke atapita kwako Alhamisi. Kama iko tayari mpe.

Dada yako,
Kasiva


Kilungu,
24 Mei 2024

Mbaluka,

Natumaini mko wazima.

Baba yuko hai. Nakuambia hilo kwanza, kwa sababu simu hupokei na sijui kama Ndila alikufikishia.

Jumapili tulikuwa kanisani, yeye alibaki nyumbani. Niliporudi nilimkuta amekaa sakafuni ameshika mlango, anavuta pumzi na pumzi haiingii. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Nilikimbia mpaka kwenye Pijo, kaka. Mguu ulinipeleka wenyewe. Niliufikia mlango na ufunguo mkononi ndipo nikakumbuka kwamba gari halina kabureta.

Bodaboda walikataa njia kwa ajili ya tope. Wanaume waliotoka kanisani na suti zao wakamfunga kwenye kiti, wakambeba mabegani mpaka lami. Waliteleza mara nyingi. Mutisya wa kwaya aliumia goti. Baba hakulia, alikuwa ameshika shati langu tu. Kule lami tukapata gari la mtu aliyekuwa anaenda zake. Hospitalini walimwekea hewa. Daktari alisema tungechelewa zaidi kidogo tungezungumza mengine. Sasa amerudi nyumbani, ana dawa, anaongea kwa kupumzika-pumzika.

Sasa nisikilize. Kaveke alikuja kwako Alhamisi ile. Aliniambia aliiona kabureta juu ya rafu yako, imefungwa vizuri kwa gazeti, inang'aa. Ukamwambia haijawa tayari. Sikumwamini. Nikadhani ameona nyingine. Lakini wewe hutengenezi Pijo nyingine, umeniambia mwenyewe kwamba zimekwisha Kitui.

Niambie nilikukosea nini. Kama ni gari, sema gari. Kama ni maneno ya Baba, hayo hayakutoka kinywani mwangu.

Unadhani ni wewe tu unayejua wivu? Mlipokuwa mnaondoka na Baba alfajiri, wewe umekaa mbele na kofia yake, mimi nilikuwa nateka maji. Mlikuwa mnarudi mnanuka petroli na mnacheka vitu ambavyo hamtuambii. Nilikuwa najipaka grisi mkononi kisirisiri nione nitafanana na nyinyi vipi, Mama akaniosha kwa jivu. Umekuwa na Baba peke yako utoto wote. Mimi nimempata sasa, akiwa anahitaji kushikwa kwenda chooni. Huo ndio urithi unaonionea wivu.

Kasiva


Kitui,
3 Juni 2024

Dada yangu,

Pole. Pole kwa Baba, pole kwako. Mwambie Mutisya pole ya goti.

Ndila aliniambia siku ile ile. Nilitoka nikaenda steji, nikapanda, nikashuka kabla gari halijaondoka. Ningeingiaje hapo nyumbani mbele ya watu waliombeba? Nilirudi gereji nikakaa.

Kabureta iliisha siku ya tatu. Mhimili ulikuwa umelika kweli, hilo sikudanganya. Niliutengeneza, nikaweka gasketi mpya, nikaipiga brashi mpaka kwenye kona. Halafu nikaiweka juu ya rafu niitazame jioni moja. Jioni moja ikawa nyingine. Kila nikitaka kuifunga niipeleke nilikuwa nasikia ulivyoandika, una mkono, una mkono. Nikawa naona nikiipeleka, utawasha gari, Baba ataweka mkono kwenye boneti, na mimi sitakuwepo. Ikiwa hapa, angalau mtaniulizia. Uliandika Baba anauliza kila siku "Mbaluka ameleta?" Usidhani sikuipenda hiyo sentensi. Niliisoma zaidi ya nyingine zote.

Sikufikiria kifua chake. Huo ndio ukweli, sikufikiria kabisa.

Kaveke anayo mkononi. Usikaze nati za chini kupita kiasi, utapinda kiti chake, pale inapokalia injini. Na yale niliyoandika juu yako na Mahad, yachome.

Kaka yako,
Mbaluka


Kilungu,
17 Juni 2024

Kaka,

Tu wazima. Baba amepata nguvu, na sasa anagombana na mimi badala ya kuku.

Kabureta imefika. Nimeiona kazi yako, ni safi kuliko ilivyotoka kiwandani. Lakini sikuifunga. Wiki moja baada ya Baba kutoka hospitalini nilishuka Emali, Hibaq akanitafutia nyingine kutoka kwa gari lililoanguka zamani njia ya Loitokitok. Ilikuwa imejaa mchanga. Niliilaza kwenye petroli, nikaifungua kipande kwa kipande juu ya meza ile ile, nikapima boya, nikaangalia mhimili kama ulivyosema. Nilikosea mara mbili, mara ya kwanza ikafurika, mara ya pili haikuwaka kabisa. Mara ya tatu ikakubali. Mahad hakuwepo. Baba alikuwa amelala. Hakuna aliyeniambia nina chochote, nilikuwa peke yangu na mbuzi.

Hiyo sitaitoa garini. Yako nimeiweka ndani ya sanduku la Mama. Nilikuwa na hasira nikitaka kukurudishia na maneno makali. Nilimwambia Baba yote, maana nilichoka kukufichia. Akavuta fimbo yake karibu. Halafu akasema, "Nipeleke Kitui."

Nikamwambia daktari amekataza safari. Akasema, "Si daktari atakayekunywa chai na Mbaluka."

Tutakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa, tukijaliwa. Mwambie Ndila asisumbuke na nyama, Baba siku hizi anatafuna polepole.

Dada yako,
Kasiva


Kitui,
1 Julai 2024

Dada yangu Kasiva,

Natumaini mlifika salama na Baba hakuchoka sana. Mwambie dawa za jioni asizisahau. Watoto bado wanabishana ni nani alikaa karibu na babu.

Nakuandikia kwa sababu mambo mengine siwezi kuyasema kwa simu, ingawa kuanzia sasa nitakuwa naipokea.

Ulipotoka na Ndila kwenda Kalundu sokoni, Baba aliniomba nimwonyeshe gereji. Nilitembea naye polepole. Nilikuwa na Toyota ya mteja imefunguliwa, akainama juu yake akauliza, "Hii imekushinda?" Nikasema haijanishinda, nasubiri spea. Akasema, "Mm." Nilidhani hayo ndiyo yote nitakayopata.

Nilimpa kiti. Nikamwuliza, "Baba, kwa nini gari ulimpa Kasiva?" Sauti ilinitoka kama ya mtoto, nikaona aibu, lakini ilikuwa imeshatoka.

Akaniangalia kama ananishangaa. Akasema, "Wewe nilikupa kazi. Angalia, hii yote si inatoka kwangu? Kasiva nilikuwa sijampa kitu." Akapumzika. Nikasubiri aendelee, nikisubiri nisikie kama na mimi nina mkono. Akasema, "Kwani Kasiva ameenda wapi? Anachelewa." Akauliza tena, na tena, mpaka uliporudi. Ulipoingia ulimwona uso wake? Mimi niliuona.

Sitakudanganya kwamba wivu umeisha, dada. Lakini nilimshika mkono kumpandisha kwenye gari, na alikuwa mwepesi mno, na aliniegemea kwa uzito wake wote.

Mlipoondoka nilisimama barabarani. Niliisikiliza Pijo ikishuka, nikakusikia ukipunguza mwendo pale darajani, nikakusikia ukiongeza kupanda upande wa pili. Mungu anisamehe, nilitamani izime. Mara moja tu, mnirudie, mseme Mbaluka njoo. Nilikuwa nimeshashika bisibisi mkononi bila kujua.

Haikuzima. Nilisikiliza mpaka sauti ikapotea, na injini haikuruka pigo hata mara moja.

Umeipima vizuri, Kasiva. Una mkono.

Kaka yako,
Mbaluka